Jani la okidi likigeuka njano, kwanza angalia lipo wapi

Okidi nyingi za ndani zinaingia nyumbani kama zawadi, mtu kaletewa siku ya bethidei au kaachiwa na mgeni, inakuja na maua yake meupe au ya zambarau, inakaa mezani miezi miwili mitatu inapendeza kweli, halafu maua yanadondoka na baada ya muda jani moja la chini linaanza kugeuka njano. Hapo ndo wengi wanachukua kikombe cha maji wanamwagia, kwa sababu ndivyo tulivyozoea, mmea ukinyong'onyea unaupa maji. Kwa okidi hiyo ndo hatua inayoua kuliko zote. Njano ni dalili moja tu ila chanzo chake kinaweza kuwa uzee, mizizi iliyooza, jua, baridi, chumvi, wadudu au ugonjwa, na dawa ya kimoja ni sumu kwa kingine, kwa hiyo kabla hujaongeza chochote inabidi ujue unashughulika na kipi.

Nazungumzia hasa Phalaenopsis, ile yenye majani mapana mazito yanayopangana kulia na kushoto na bua refu la maua linalochomoza pembeni. Ndo inayouzwa kuliko zote kwenye maduka ya maua, inazalishwa kwa mamilioni Uholanzi na Taiwani. Ila kwao kwa asili ni misituni, Ufilipino, Indonesia na nchi za jirani, na huko haioti ardhini, inashika kwenye matawi ya miti mizizi ikiwa nje kabisa inaning'inia hewani. Mti wenyewe hainyonyi, imejishikiza tu. Mvua inapiga kwa nguvu, maji yanapita, upepo unakuja mizizi inakauka ndani ya masaa machache, kesho tena. Ukishaelewa haya maisha yake ya juu ya mti, karibu kila kitu kuhusu majani ya njano kinaeleweka.

Mzizi wake haufanani na mzizi wa mchicha au waridi. Kwa nje una tabaka nene jeupe linaitwa velameni, linafyonza maji haraka sana yakipita. Ukiwa mkavu mzizi unaonekana wa rangi ya fedha, ukilowa ndani ya dakika chache unageuka kijani mbele ya macho yako kwa sababu lile tabaka limejaa maji na sasa linaonyesha ukijani uliopo ndani, maana mizizi hii nayo inatumia mwanga. Mizizi ya namna hii inataka hewa sawasawa na inavyotaka maji. Ukiizika kwenye udongo wa bustani, au mbaya zaidi udongo na samadi, inakosa pumzi, inakufa, inaoza, na mzizi ukishaoza hauingizi maji tena hata chungu kiwe kimefurika. Ndo maana okidi iliyozidishiwa maji na okidi iliyosahaulika bila maji zinafanana juu, zote majani yanalegea, yanakunjamana, yanakuwa njano. Mtu anaona jani limenywea anasema ina kiu, kumbe ina kiu ndani ya maji.

Jambo lingine la kujua ni jinsi inavyokua. Ina shina moja fupi linaloenda juu tu, kila jani jipya linatokea katikati kileleni, kwa hiyo umri wa majani unausoma kwa macho, wazee wapo chini na vijana wapo juu. Mmea ukikosa nitrojeni, potasiamu au magnesi unavitoa kwenye jani la zamani unavipeleka kwenye jani jipya, kwa hiyo upungufu wa hivyo unaonekana chini. Chuma na kalsi vikishakaa kwenye jani havihamishiki, kwa hiyo upungufu wake unaonekana juu kwenye jani changa. Hii ndo sababu swali la kwanza ni jani lipi limekuwa njano, halafu ndo uulize kwa nini.

Kama ni jani moja, la chini kabisa, limeanza njano taratibu labda kutokea nchani, njano yake imetulia haina madoa, na huku juu majani mengine ni magumu na ya kijani, basi hakuna ugonjwa. Limezeeka. Phalaenopsis yenye afya inatoa majani machache tu kwa mwaka na inaacha la zamani lidondoke, inachukua wiki kadhaa mpaka linakauka lenyewe na kuachia. Usilikate likiwa bado nusu kijani, maana wakati huo mmea unavuta virutubisho vyake kutoka humo, ukikata umeunyang'anya. Liache mpaka likauke au livutike kwa mguso mdogo. Watu wanahangaika sana na hili jani moja, wananunua mbolea, wanahamisha chungu, wanapandikiza upya, na mmea uliokuwa mzima unaanza kuumwa kwa sababu ya matibabu.

Kama ni majani mawili matatu ya chini kwa mpigo, au yanafuatana haraka, au yaliyobaki yamelegea kama ngozi, hapo nenda kwenye mizizi, na usikisie, itoe kwenye chungu uione. Najua inaogopesha kung'oa mmea unaoumwa lakini okidi haina shida na hilo, ni mmea uliozoea mizizi yake kuonwa na jua. Minya kopo la plastiki pembeni taratibu, ukikuta limebana loweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika kumi na tano, halafu ivute kwa kushika shina karibu na mizizi, sio kwa kushika jani.

Sasa shika mzizi mmoja mmoja ubonyeze kwa vidole. Mzima ni mgumu, umejaa, wa fedha au wa kijani, na hata ile ya ndani ya chungu isiyoona mwanga ambayo ni ya njanonjano au rangi ya maziwa, ikiwa migumu ni mizima, usiikate kwa sababu ya rangi. Uliooza unabonyea, unatoa maji ya kahawia, na ukiuvuta lile ganda la nje linachomoka lote linabaki mkononi, ndani unabaki uzi mwembamba kama waya. Uliokufa kwa ukavu nao unajulikana, ni mwepesi, mtupu, umesinyaa, ila hauna unyevu wala harufu. Hivi viwili ndo vinavyokwambia kama tatizo lilikuwa maji mengi au maji machache, na hakuna njia ya kujua hilo kwa kuangalia majani peke yake.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawakijui na ndicho kinachomaliza okidi za dukani. Ukitoa mmea wako unaweza kukuta pembeni kuna vipande vya magome vikavu kabisa, lakini katikati, chini ya shina, kuna bonge dogo la mosi, ile mimea midogo laini inayofyonza maji kama sponji, au la makumbi ya nazi, lililobanwa, limeloa tepetepe. Hilo ni la tangu ikiwa mche mchanga kitaluni, waliipandikiza na bonge lake. Kitaluni kulikuwa na mtu anayepima maji na joto kwa mashine, halikuwa na shida. Nyumbani kwako unachungulia juu unaona magome makavu unamwagia, na lile bonge halikauki hata siku moja, mizizi ya katikati inaoza wewe huoni. Litoe lote, kwa vidole na kwa kibano cha nyusi kama kuna haja, hata kama mzizi mmoja mwembamba utakatika.

Kikombe cha nje nacho kikague. Zile okidi za zawadi zinakaa kwenye kopo la plastiki lenye matundu, na kopo limetumbukizwa kwenye chungu cha kauri kinachong'aa kisicho na tundu. Maji yanayotoka kwenye kopo yanatuama chini ya kile chungu kizuri, mizizi inakaa imezama siku saba, siku kumi. Chungu cha urembo sio kosa, ila mwagilia kopo kwenye sinki, liache lichuruzike kabisa, ndo ulirudishe.

Mizizi iliyooza unaikata yote kwa mkasi uliofutwa na spiriti, na unaufuta tena ukimaliza kabla hujagusa mmea mwingine, nitaeleza kwa nini. Watu wanapaka unga wa mdalasini kwenye sehemu iliyokatwa, na ni kweli mdalasini unakausha kidonda na unazuia fangasi, ila ndo hapo hapo penye hatari, unakausha kila kinachoguswa, kwa hiyo weka kwenye mkato tu, kidogo, usiunyunyize mizizi mizima yote kama viungo vya pilau.

Cha kupandia, magome ya paini yaliyokauka ndo yanatumika sana, vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na kwa Tanzania paini ipo tele, msitu wa Sao Hill kule Mufindi pekee ni mkubwa ajabu. Yachemshe au yaloweke usiku mzima kwanza, maana gome kavu kabisa linakataa maji mwanzoni. Wa pwani mna makumbi ya nazi bure na yanafaa, kata vipande, changanya na mkaa uliovunjwavunjwa, lakini makumbi yana chumvi, na yale ambayo yamefukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, kama wanavyofanya kina mama Zanzibar upande wa mashariki, ndo yamejaa chumvi kabisa. Loweka, mwaga maji, loweka tena, rudia siku kadhaa. Kopo liwe la plastiki inayoonyesha ndani, hata ndoo ndogo ya aiskrimu inatosha, toboa matundu mengi chini na pembeni. Lisiwe kubwa, liitoshe mizizi tu, kwa sababu nafasi iliyobaki bila mizizi ndo inayobaki na unyevu.

Na ratiba ya maji? Nashauri kabisa usifuate ya kalenda. Ile ya "mara moja kwa wiki" imeandikwa kwa nyumba ya mtu mwingine. Okidi ya Dar au Mombasa wakati wa masika, hewa imejaa unyevu, inaweza kukaa siku kumi bado mbichi, ile ile kiangazi feni ikizunguka inataka maji kila baada ya siku tatu nne, na ya Dodoma ni habari nyingine kabisa. Angalia kopo: ndani kukiwa na matone kwenye plastiki na mizizi ni ya kijani, acha. Mizizi ikigeuka ya fedha, na kopo ukilinyanyua ni jepesi, mwagilia, na ukimwagilia mwagilia kweli, maji yapite mpaka yatoke chini, sio kijiko kimoja kila asubuhi. Wapo wanaoweka vipande vya barafu, na watafiti wa vyuo vikuu vya Ohio State na Georgia huko Marekani waliipima njia hiyo, mwaka 2017 wakatoa matokeo kwamba haikudhuru okidi zilizopandwa kwenye magome, ila faida yake ni kupima kiasi tu na mtu mwenye bomba la maji ya kawaida hana sababu ya kuitumia.

Tukija kwenye mwanga, hapa kwetu karibu na ikweta kuna jambo ambalo maelekezo mengi ya kutoka Ulaya hayawezi kukwambia. Wao wanasema weka dirisha la mashariki, epuka la kusini, na kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Kwetu jua linahama. Mtu wa Dar au Nairobi mwezi Juni jua lake la mchana linaegemea kaskazini, na kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Februari linaegemea kusini, kwa hiyo okidi iliyokaa salama dirisha la kusini miezi sita, Desemba inaanza kupigwa na jua bila wewe kuhamisha chochote. Jani lililoungua lina kiraka upande ule unaotazama dirisha, kinaanza njano iliyopauka, kinakuwa cheupe, kinakauka kahawia na mpaka wake unaonekana wazi, hakisambai ukiondoa jua. Weka kiganja juu ya jani saa saba mchana, likiwa na joto unalolihisi, jua limezidi, vuta mbali na dirisha au tundika pazia jepesi. Na mwanga ukiwa mwingi kwa muda mrefu bila kuunguza, majani yote yanafifia yanakuwa kijani-njano, wakati mwingine na wekundu pembeni. Giza nalo lina lake, jani linakuwa kijani kizito sana, refu, linalegea, na ya chini yanaachwa moja moja. Kijani kizito sana watu wanakifurahia wakidhani ni afya, wakati okidi inayopata mwanga wa kutosha ina kijani cha wastani, kama cha jani changa la mgomba.

Baridi ni fupi kueleza. Inapenda nyuzi 18 usiku na 24 mpaka 29 mchana, ikishuka chini ya 15 inadumaa, na ikikaribia 10 majani yanaweza kuharibika, yanalainika yanakuwa njano au meusi. Dar hilo halipo labda uwe umeiweka mdomoni mwa eisi. Njombe, Makete, Limuru, mwezi wa sita na wa saba usiku, itoe dirishani.

Chumvi inastahili maneno zaidi maana inatusumbua sana watu wa pwani. Visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi, unaweza kuyaoga ila okidi hayafai. Mvua ya msituni haina madini karibu yoyote na mizizi imezoea hayo. Chumvi ikijikusanya kwenye magome unaona ukoko mweupe ukingoni mwa kopo na juu ya mizizi, ncha za mizizi zinakuwa nyeusi, halafu ncha za majani zinageuka njano kisha kahawia. Kinga maji ya mvua, ndo mazuri kuliko yote na ni ya bure. Kama huna, kila mwezi pitisha maji mengi ya bomba kwenye kopo kwa dakika kadhaa kuosha. Mbolea nayo ni chumvi, kwa hiyo kama unatumia ya maji, NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya uwiano sawa inafaa, chukua robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, na usiwahi kuiweka kwenye mizizi mikavu wala kwenye mmea wenye mizizi iliyooza. DAP, urea ya shambani na samadi viache shambani.

Ila kama jani la juu ndo limekuwa njano, lile changa la katikati, acha kila kitu ukalitazame sasa hivi. Kama ni njano kati ya mishipa na mishipa yenyewe imebaki kijani, inawezekana ni chuma, mara nyingi kwa sababu maji ni magumu mno, yaani yana madini mengi, au mizizi haifanyi kazi. Lakini kama njano inaanzia pale jani linaposhikana na shina, ni laini, kahawia au nyeusi pale chini, na ukilivuta linatoka bila ubishi, huo ni uozo wa moyo. Maji yamelala pale katikati usiku kucha. Kwenye mti okidi hii inaota ikiinamia pembeni, maji yanamwagika yenyewe, sisi kwenye chungu tumeisimamisha wima na moyo wake umekuwa bakuli. Kausha kwa tishu, kata iliyooza mpaka ufike sehemu safi, weka mdalasini kidogo, peleka penye upepo, usimwagilie kwa juu tena. Kwa kuwa ina kilele kimoja tu, moyo ukifa haitoi jani jipya pale, ila wakati mwingine inachipua mtoto pembeni ya shina, kwa hiyo usiitupe haraka kama mizizi ni mizima.

Madoa yenye maji maji yanayokua kila siku, yamezungukwa na duara la njano, na yananuka, ni bakteria, kata jani mpaka ndani ya sehemu nzima siku hiyo hiyo. Michirizi au mabaka ya njano yasiyo na mpangilio, yanayojirudia mpaka majani mapya, huenda ni virusi, vinavyojulikana zaidi kwa okidi ni kile cha mozaiki ya Cymbidium na kile cha madoa-duara ya Odontoglossum, na havina dawa. Vinahama kwa mkasi, ndo maana nikasema uusafishe kabla ya kugusa mmea mwingine, na kwa virusi spiriti peke yake haiaminiki, upitishe kwenye moto kabisa. Mmea wa namna hiyo utenge mbali na wenzake. Wadudu, geuza jani uone chini: utitiri unaacha vidoti vidogo vya fedha na utando mwembamba, vidung'ata wana pamba nyeupe kwenye maungio, wale wa magamba wanaonekana kama vipele vya kahawia vinavyobanduka kwa kucha. Pamba yenye spiriti, mmoja mmoja, kisha maji ya sabuni, rudia kila wiki maana mayai yanabaki.

Kama okidi yako si Phalaenopsis, usizitumie alama hizi zote. Dendrobium, aina nyingine ya okidi, nyingi zinapukutisha majani ya mashina ya zamani na hiyo ni kawaida yake. Hata Ansellia africana, okidi yetu ya Afrika yenye maua ya njano na madoa ya kahawia inayoota kwenye miti ya savana, mashina yake ya zamani yanabaki matupu. Na naomba sana, ukiiona porini iache pale pale, zinang'olewa zinauzwa barabarani na nyingi zinafia vyunguni, na biashara ya okidi za porini kuvuka mipaka inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea ya porini.

Sasa umekata mizizi iliyooza, umebaki na mizizi miwili, au hakuna kabisa. Bado kuna nafasi kama majani mawili ya juu ni magumu. Weka mosi uliominywa mpaka hautoi tone kwenye kopo la plastiki, kalisha shina juu yake lisizame, funika na mfuko unaoonyesha ndani, acha mdomo wazi kidogo hewa ipite, weka penye mwanga bila jua. Kila siku chache funua, kagua ukungu. Jani lililokwishakuwa njano halitarudi kijani, usilitumie kupima maendeleo, tazama kiunoni mwa shina, mzizi mpya unaanza kama kichunusi cha kijani kinachopasua ganda, kinaweza kuchukua miezi. Mfuko uondoe taratibu mizizi ikianza kurefuka, mbolea isubiri mpaka ifike urefu wa kidole, na ikitoa bua la maua kipindi hicho likate likiwa bado fupi, kwa sababu mmea wenye majani mawili hauna cha kulilisha.